Daftari la Wafu: Watetezi wa Haki za Binadamu mjini Bukavu, 1998–2002

Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Msemo huo wa wafanyabiashara wahusu pia uhai wa watu, kama ionyeshavyo historia ya Kivu ya Kusini.

Vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998 viliutia mji wa Bukavu mikononi mwa jeshi la Rwanda na chama cha RCD kilichoungwa mkono nalo. Raia hawakuwa na silaha, wala mahakama ya kukimbilia. Walichokuwa nacho ni vyama walivyoviunda kabla ya vita. Héritiers de la Justice, shirika la Waprotestanti, lilianzishwa mwaka 1991, katika zama za Mobutu, ili kuwafundisha wananchi haki zao. Chini ya uvamizi, kufundisha hakukutosha. Ilibidi kuandika: kijiji gani, siku gani, nani ameuawa. Habari za mauaji ya Kasika ya Agosti 1998, na ya Makobola yaliyotokea mwaka huo ukiisha, hazikuzikwa pamoja na wafu.

Watawala walitambua nguvu ya neno. Mwezi Julai 1999 waliifunga Radio Maendeleo. Lakini Krismasi ya mwaka ule Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliandika barua ya kichungaji, akiwashutumu wageni walioipora nchi pamoja na Wakongomani waliowasaidia. Mwanzoni mwa mwaka 2000 vyama vya raia viliitisha mgomo, na shughuli za mji zikasimama. Tarehe 12 Februari Kataliko alihamishiwa Butembo kwa nguvu. Alirudi Bukavu mwezi Septemba. Tarehe 4 Oktoba alifariki mjini Roma.

Je, kazi hiyo ilifaa nini? Haikumfukuza mvamizi, majeshi ya Rwanda yaliondoka rasmi mwaka 2002, baada ya mapatano ya Pretoria. Hata hivyo, Umoja wa Mataifa ulipotoa mwaka 2010 ripoti yake juu ya uhalifu wa miaka 1993 hadi 2003, wenye kuorodhesha matukio 617, Kasika na Makobola yalikuwamo. Mahakama maalumu iliyopendekezwa haikufuata. Na Februari 2025 Bukavu ilitekwa tena, safari hii na M23 inayoungwa mkono na Rwanda. Deni halijalipwa, lakini limeandikwa, na lililoandikwa haliwezi kukanwa kwa urahisi.