Boti ya kifahari ya familia: starehe juu, uzito chini

Huenda umeiona pichani: boti nyeupe ya ghorofa, watoto wanacheza juu, wazazi wanaota jua. Hiyo ni yoti ya injini. Kampuni ya Princess, iliyoanza 1965 mjini Plymouth, Uingereza, ni mojawapo ya zinazoziunda.

Yoti ya familia ya mita 17 hivi kwa kawaida ina vyumba vitatu vya kulala chini, sebule na jiko katikati, na juu sitaha ya wazi yenye usukani wa pili. Kila mtu hupenda kukaa huko juu. Lakini uzito ukipanda juu, boti hulala ubavu kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana injini na matangi ya mafuta huwekwa chini kabisa.

Ili isiyumbe sana, nyingine hufungwa gurudumu zito linalozunguka kwa kasi kubwa, au mapezi chini ya maji. Mitambo hiyo hupunguza kichefuchefu. Haiongezi idadi ya watu wa kubebwa.

Gatini, nahodha hutumia injini mbili. Moja ikisukuma mbele na nyingine ikivuta nyuma, boti hugeuka papo hapo. Upepo wa ubavuni humsumbua, kwani kuta ndefu huushika kama tanga.

Kanuni ni ileile hata kwa mtumbwi wa injini: mzigo mzito uwe chini, watu wakae, wasikimbilie upande mmoja, na kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha.