Jinsi mwamba unavyozuia joto lisitoroke ardhini

UCHIMBAJI wa visima vya mvuke ulipoanza katika kasoko ya Menengai, Nakuru, mwaka wa 2011, baadhi ya visima vilifika kwenye mwamba ulioyeyuka, takriban kilomita mbili chini ya ardhi. Swali likawa: joto hilo limedumuje huko?

Jibu limo ndani ya mawe yenyewe. Menengai imejengwa kwa mawe yenye feldspari nyingi. Haya ni madini ya silikoni, alumini na oksijeni, yakichanganyika na potasiamu, sodiamu au kalisiamu, nayo ni zaidi ya nusu ya gamba la dunia.

Katika fuwele ya feldspari, atomi zimejipanga safu kwa safu. Sehemu moja ikipata moto, atomi zake hutetemeka na kuziambukiza jirani zake mtetemo huo. Hata hivyo, joto linapozidi, mitetemo hugongana na mwendo wake hupungua. Katika kioo cha volkano, atomi hazina safu. Mtetemo hukatizwa mapema, hivyo joto hujikokota tangu mwanzo. Mwamba ulioyeyuka una hali iyo hiyo.

Ili kupima mwendo huo, wataalamu huumulika upande mmoja wa kipande chembamba cha jiwe kwa mmweko wa leza, kisha hupima muda ambao joto huchukua kutokea upande wa pili. Mwaka wa 2009, Alan Whittington, Anne Hofmeister na Peter Nabelek walieleza katika jarida la Nature kwamba kipimo hicho, ambacho ni milimita mraba 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde jiwe likiwa baridi, hushuka hadi karibu 0.5 katika joto la kina cha kati cha gamba la dunia.

Kwa maneno mengine, mwamba wa moto hujifunika blanketi wenyewe.

Kwa Kenya, ambayo imezalisha umeme wa mvuke Olkaria tangu 1981, jambo hili ni baraka yenye masharti. Joto hudumu, lakini likichotwa hurejea polepole mno kupitia jiwe tupu. Maji yapitayo katika nyufa ndiyo hulibeba upesi. Ndiyo maana kisima kisichokuwa na nyufa hutoa mvuke haba hata kikiwa moto, na uchotaji wa pupa huweza kulipoza eneo zima.