Urari wa Damu

Mwambie bibi wa Kilosa kwamba damu ya mwanawe imejaa tindikali, naye ataona maji ya betri na uso ulioungua. Kikemia neno ni sahihi, ila mitaani limeshachafuka. Kwa mgonjwa wa figo heri tuseme "asidi", tuliyoizoea tangu shuleni.

Upande wa pili vitabu vinasema "besi", na kijana wa Mikumi atadhani unazungumzia spika za baa. Mimi humwambia mgonjwa "magadi". Kile kipande kinachotupwa kwenye sufuria ili maharage yaive upesi kina kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Bikaboneti hiyohiyo, iliyosafishwa na kupimwa, ndiyo inayotiwa kwenye mashine ya kusafishia damu. (Asitoke mtu hapa akalambe magadi: sodiamu yake huweza kumvimbisha mgonjwa na kumpandishia presha.)

Mwili hutengeneza asidi kila siku, hasa kutokana na protini tunayokula. Figo zikishindwa kuitoa kwa mkojo, asidi huanza kula mifupa na misuli. Ikizidi sana mgonjwa huhema kama aliyepanda mlima. Mashine nayo, kinyume na wanavyodhani wengi, kazi yake kubwa hapa si kunyonya asidi bali kurudisha bikaboneti. Kwa saa nne, lita zipatazo 120 za maji maalumu hupita nyuma ya kichujio zikiwa na bikaboneti nyingi kuliko damu, nayo huvuka taratibu.

Uwiano huu wa asidi na magadi kwenye damu wengi huuita "usawa wa asidi na besi". Nalikataa neno hilo. Usawa ni nusu kwa nusu, ilhali damu ya mtu mzima wa afya ina pH ya 7.35 hadi 7.45, yaani imeelemea kidogo upande wa magadi. Nachukua "urari", neno la wahasibu: kilichoingia, kilichotoka, salio. Na salio la bikaboneti la mgonjwa wa mashine halitulii. Huwa limepanda anapoinuka kitandani baada ya kusafishwa damu, kisha hushuka siku hadi siku. Ndiyo maana hupimwa kabla hajaunganishwa, na hutakiwa lisipungue milimoli 22 kwa lita.

Lakini mashine hufuatwa mbali. Mgonjwa wa Kilosa, tangu 2024, ana treni ya SGR ya kumfikisha Dodoma, kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wa Mikumi husubiri basi kwenye barabara kuu inayokata hifadhi. Zamu za mashine kwa kawaida ni tatu kwa wiki, na basi likimwacha, asidi haimsubiri.