Duka Mbele, Makazi Nyuma: Urithi wa Majengo ya Kajiado

Majengo ya kudumu ya mji wa Kajiado yalifuata reli ya Konza hadi Magadi, iliyojengwa kati ya 1911 na 1915 ili kusafirisha magadi ya Kampuni ya Magadi Soda, kwani kabla ya hapo makazi ya Wamaasai yalikuwa enkang', yaani boma la familia kadhaa ambalo nyumba zake zilijengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi, na ambalo lilihamishwa malisho yalipopungua. Reli ilileta maduka, mengi ya Wahindi, yenye mpangilio uliozoeleka katika vituo vya biashara vya Kenya ya kikoloni: baraza mbele, kaunta na rafu ndani ya milango ya mbao, stoo ya magunia, kisha ua uliozungukwa na vyumba vya familia, jiko, na tangi la kukinga maji ya mvua kutoka paa la mabati. Matumizi mseto, yaani biashara na makazi chini ya paa moja, yalikuwa hesabu ya kawaida ya mwenye duka aliyelipia kiwanja kimoja.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inaweza kulinda majengo ya kihistoria. Ili lilindwe, duka la Kajiado halina budi kutangazwa kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Mji wa Kitengela, katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, hauna hata akiba hiyo ya maduka ya zamani, kwani kilichobadilishwa matumizi huko ni ardhi yenyewe. Ilikuwa ranchi ya kikundi, ardhi ya wafugaji yenye hatimiliki ya pamoja chini ya sheria ya 1968, hadi ilipogawanywa kwa wanachama mnamo 1988. Wengi wakauza vipande vyao, na viwanda vya eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje (EPZ) vilivyofunguliwa Athi River katika miaka ya 1990 vikaleta vibarua waliotafuta vyumba vya kupanga. Kando ya barabara ya Namanga zikainuka ghorofa zenye bucha, kinyozi na wakala wa M-Pesa chini, na bedsita juu. Umbo ni lile lile la duka la reli, ila ua umemezwa na ngazi, na mwenye nyumba, tofauti na mwenye duka wa zamani, mara nyingi haishi humo.

Tukirudi kwenye maduka ya Kajiado, Ushuru wa Nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara chini ya sheria ya 2024, huelekezwa hasa katika ujenzi mpya, ilhali vyumba vya uani vya maduka makuukuu vingeweza kukarabatiwa na kupangishwa. Mnunuzi wa duka la namna hiyo hulipia kiwanja, na jengo huhesabiwa katika gharama ya kubomoa.