Wabunge wa Aktiki: Zaidi ya Miaka 30 ya Kuitetea Nchi ya Barafu

Tarehe 16 na 17 Agosti 1993, wabunge kutoka nchi zinazoizunguka Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, walikutana Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, kwa mwaliko wa Baraza la Nordiki. Baraza hilo ni chombo cha pamoja cha mabunge ya Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden. Mkutano ule haukupitisha sheria hata moja wala haukutia saini mkataba wowote. Hata hivyo, ndio uliozaa taasisi ambayo sasa imevuka umri wa miaka 30: Mkutano wa Wabunge wa Eneo la Aktiki, pamoja na Kamati yake ya Kudumu iliyoundwa mwaka 1994.

Ili kuuelewa uzito wa siku zile mbili, yafaa kukumbuka Aktiki ilikuwa nini miaka michache tu kabla yake. Kwa muda wote wa Vita Baridi, bahari ile ilikuwa ya wanajeshi. Nyambizi zenye silaha za nyuklia, za Umoja wa Kisovieti na za Marekani, zilinyemeleana chini ya barafu. Mtaalamu wa Kirusi aliyetaka kujua hali ya samaki upande wa Alaska hakuwa na milango mingi ya kubisha. Ufa mkubwa katika ukuta huo ulionekana tarehe 1 Oktoba 1987, Mikhail Gorbachev alipohutubia Murmansk na kutaka kaskazini ya dunia iwe eneo la amani na la ushirikiano wa kisayansi. Finland ikaidaka fursa hiyo. Juni 1991, serikali 8, yaani za nchi tano za Nordiki pamoja na Kanada, Marekani na Umoja wa Kisovieti, zilikubaliana mjini Rovaniemi juu ya mkakati wa kwanza wa pamoja wa kulinda mazingira ya Aktiki.

Rovaniemi ilikuwa kazi ya mawaziri, na mawaziri hubadilika. Mkakati ule haukuwa na nguvu ya sheria, na fedha zake zilitegemea bajeti ambazo wenye kuzipitisha ni wabunge. Wakati huohuo wananchi waliowachagua wabunge hao walikuwa wameshaonja madhara. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka 1986, mvua ilishusha mionzi juu ya milima ya Norway na Sweden. Huko huota viumbe vidogo mfano wa mimea, visivyo na mizizi, vinavyonyonya kila kinachodondoka kutoka hewani, navyo ndivyo chakula cha reinda, kulungu wa kaskazini, wakati wa baridi. Wasami, wafugaji wa reinda tangu enzi za mababu, wakaambiwa nyama ya mifugo yao hailiki. Kisha, mwaka 1993 wenyewe, tume iliyoongozwa na mwanasayansi Aleksei Yablokov iliweka hadharani kwamba Umoja wa Kisovieti ulikuwa umetupa vinu 16 vya nyuklia katika bahari za kaskazini, baadhi vikiwa bado na fueli ndani. Wabunge waliofika Reykjavik walikuwa na maswali ya wapiga kura mfukoni.

Miongoni mwa wenyeviti wa mwanzo wa Kamati alikuwa Geir Haarde wa Iceland, aliyeiongoza kuanzia 1995 hadi 1998 na baadaye akawa waziri mkuu wa nchi yake. Ajenda kubwa ya miaka ile ilikuwa moja: serikali ziunde baraza la kudumu la Aktiki. Kanada ilikuwa imelipendekeza tangu 1989, na Marekani ikawa inasuasua. Wabunge walilisukuma jambo hilo kila walipokutana, na kila mmoja akaliuliza tena nyumbani kwake. Machi 1996 walikutana Yellowknife, kaskazini mwa Kanada. Miezi sita baadaye, tarehe 19 Septemba 1996, serikali 8 zilitia saini Azimio la Ottawa, na Baraza la Aktiki likazaliwa. Sifa yote si ya wabunge, maana wanadiplomasia wa Kanada na viongozi wa Wainuit, mojawapo ya jamii asilia za Aktiki, walitoka jasho kwelikweli. Lakini shinikizo la wabunge lilikuwa la wazi na la kudumu, na Kamati ikapewa kiti cha mwangalizi katika Baraza hilo.

Jambo lililo adhimu zaidi katika historia hii, kwa maoni yangu, ni nafasi waliyopewa wenyeji wa Aktiki. Baraza lilipoundwa, jumuiya za Wainuit, Wasami na wenyeji wa kaskazini mwa Urusi zilipewa hadhi ya washiriki wa kudumu. Leo jumuiya hizo ni 6. Huketi meza moja na mawaziri, na ingawa hawapigi kura, hakuna uamuzi unaopaswa kufikiwa bila kushauriana nao kikamilifu. Kamati ya wabunge nayo inafuata utaratibu huo huo. Sisi tunaotoka katika nchi ambako mbuga na misitu vimewahi kutengwa huku wakazi wake wakipewa taarifa baada ya uamuzi, tunaelewa thamani ya kiti cha namna hiyo.

Utaratibu wa taasisi yenyewe ni mwepesi. Kikanuni, wajumbe wanatoka katika mabunge ya nchi 8 na Bunge la Ulaya. Kamati ya Kudumu hukutana mara kadhaa kwa mwaka, na mkutano mkuu kwa kawaida huitishwa kila baada ya miaka miwili, katika miji mbalimbali: Salekhard, Tromsø, Nuuk, Kiruna, Fairbanks, Whitehorse, Inari. Maazimio hupitishwa kwa maridhiano na hayamfungi mtu. Mbunge hurudi na azimio nyumbani, akalitoa katika kipindi cha maswali, akalishikilia wakati wa bajeti, akamtaka waziri aeleze kwa nini halijatekelezwa. Nguvu yote ya taasisi hii imo katika ung'ang'anizi huo.

Mfano mzuri ni ule wa mwaka 2002. Hadi wakati huo ripoti nyingi za Aktiki zilihesabu dubu, ndege, unene wa barafu na kiasi cha zebaki majini. Walipokutana Tromsø mwezi Agosti, wabunge walitaka Baraza la Aktiki liandae ripoti juu ya maisha ya binadamu wa huko. Ilitoka mwaka 2004, wakati Iceland ikishika uenyekiti. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba kipato na umri wa kuishi peke yake havitoshi kupima ustawi wa watu wa kaskazini. Kwao yana uzito pia mambo mengine matatu: kuwa na kauli juu ya mustakabali wao, kuuendeleza utamaduni wao, na kuishi karibu na maumbile. Tangu hapo imekuwa vigumu kuizungumzia Aktiki kama jangwa tupu la barafu.

Na hapo Afrika Mashariki inaingia katika hadithi hii, kupitia Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Quebec waliokuwa wakitafuta maziwa ya mama yasiyo na sumu, ili wayalinganishe na ya wanawake wa mijini, waliyapima ya akina mama wa Kiinuit. Walikuta kemikali za viwandani kwa viwango vinavyopita kwa mbali vile vya wanawake wa kusini mwa Quebec. Sumu hizo, pamoja na viuatilifu kama DDT, hupeperushwa na hewa kutoka nchi za joto na za viwanda, hutua kwenye baridi, kisha hujikusanya katika mafuta ya samaki, ya sili na ya nyangumi, ambayo ndiyo chakula cha Mwinuit. Januari 1999, wajumbe wa mataifa walikutana Nairobi, katika makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kujadili mkataba wa kuzidhibiti. Sheila Watt-Cloutier, kiongozi wa Wainuit kutoka Kanada, alimkabidhi mkuu wa shirika hilo, Klaus Töpfer, kinyago cha jiwe cha mama wa Kiinuit na mtoto wake. Mwenyekiti wa majadiliano akakiweka mbele yake katika vikao vilivyofuata.

DDT ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikitumika Afrika kuua mbu wa malaria. Wainuit walikataa kudai marufuku ambayo ingemwokoa mtoto wa kaskazini kwa kumtoa mhanga mtoto wa Afrika. Mkataba uliotiwa saini Stockholm mwaka 2001 ukaacha mlango wa kuitumia DDT dhidi ya mbu waenezao magonjwa, huku njia mbadala zikitafutwa. Sijui mfano mwingine wa mshikamano baina ya watu wa barafu na watu wa jua unaonigusa kiasi hicho.

Mkataba ule pia unaonyesha kwa nini mabunge hayakwepeki. Kanada iliuridhia papo hapo, siku ya kutiwa saini. Marekani nayo ilisaini mwaka 2001, lakini Baraza lake la Seneti halijauridhia hadi leo. Seneti hiyo haijauridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ingawa Lisa Murkowski, seneta wa Alaska aliyeshiriki kwa miaka mingi katika shughuli za wabunge wa Aktiki, amekuwa akiwasihi wenzake waupitishe. Waziri husaini, lakini bila bunge saini hiyo hubaki wino.

Kuna wakati wabunge wenyewe walitia wasiwasi. Agosti 2007, Artur Chilingarov, mbunge wa Duma ya Urusi, alishuka kwa chombo cha kuzamia hadi sakafu ya bahari chini ya Ncha ya Kaskazini, zaidi ya mita 4,000, na kusimika hapo bendera ya nchi yake. Magazeti duniani yakaanza kuandika habari za kugombania mafuta ya Aktiki. Mwaka uliofuata nchi 5 zenye pwani kwenye bahari hiyo zilitangaza mjini Ilulissat, Greenland, kwamba zitafuata sheria ya bahari, na wabunge wakakutana Fairbanks kama kawaida. Baadaye Baraza la Aktiki lilisimamia mikataba mitatu yenye nguvu ya sheria: uokoaji mwaka 2011, umwagikaji wa mafuta mwaka 2013, na ushirikiano wa kisayansi mwaka 2017. Mwaka 2018 ulisainiwa mkataba wa kuzuia uvuvi wa kibiashara kwa miaka 16 katika kilomita za mraba zipatazo milioni 2.8 za katikati ya bahari hiyo, kabla hata uvuvi huo haujaanza. Uamuzi wa namna hiyo, wa kulinda kabla ya kuharibu, ni wa nadra sana katika historia ya bahari.

Katika miaka hiyo uongozi wa Kamati uliwafikia pia wenyeji wenyewe. Sara Olsvig na baadaye Aaja Chemnitz, wanawake wa Greenland walioingia bunge la Denmark kwa kura za kwao, wote wamekuwa wenyeviti wake.

Upande wa pili wa dunia ulichelewa zaidi. Mkataba wa Antaktiki wa 1959, uliosainiwa na nchi 12, Afrika Kusini ikiwa pekee kutoka bara letu, umelisimamia bara hilo la ncha ya kusini bila kuwa na jukwaa la wabunge kwa miaka 60. Wa kwanza kukutana kwa ajili yake walifanya hivyo London, Desemba 2019.

Jaribio gumu kuliko yote lilifika Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Nchi 7 nyingine zilisimamisha vikao vya Baraza la Aktiki, na wabunge wa nchi hizo wakaendelea na shughuli zao bila wenzao wa Urusi. Walikutana Nuuk mwaka huo, na Kiruna mwaka 2024. Urusi inamiliki zaidi ya nusu ya pwani ya Aktiki, kwa hiyo vipimo vingi vya ardhi iliyoganda, mito na bahari yake vimeacha kuwafikia wanasayansi wa nchi nyingine. Hilo ni pengo halisi. Uvamizi usingeweza kunyamaziwa, na mazingira yanalipa gharama yake. Kukanusha lolote kati ya hayo mawili ni kuwadanganya wasomaji.

Nalo joto halisubiri vita viishe. Tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Barafu ya Greenland, ikiyeyuka yote, ingeinua bahari kwa takriban mita 7. Tabaka hilo kubwa la barafu huyavuta maji kuelekea kwake kwa uzito wake, na kadiri linavyopungua mvuto huo hulegea, maji yakasogea kwenye bahari za mbali. Ndiyo maana kuyeyuka kwa Greenland huinua bahari ya tropiki kuliko wastani. Huko Pemba, wakulima wamekwisha kuona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba ya mpunga.

Hadi leo hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyo mwangalizi katika Baraza la Aktiki, wakati China, India na Singapore zilipata nafasi hiyo mwaka 2013. Mikutano ya wabunge wa Aktiki imekuwa ikiwapokea wageni kutoka mabunge ya mbali. Waheshimiwa wa Dodoma, Nairobi na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, pamoja na wale wa Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha, waandike barua ya kuomba kualikwa. Nawe msomaji, ukikutana na mbunge wako jimboni, muulize kama ameshaiandika.