Kutoka Baibui la Majengo hadi Steji ya Embakasi

Wakoloni walipotenga Pumwani, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika, waliuwazia mji wa vibarua wanaume. Wanawake walikuja bila kualikwa. Walijenga nyumba za udongo Pangani, kisha Majengo, huko Pumwani, wakapangisha vyumba. Wengi wao, Wakikuyu, Wanandi na wengineo, walisilimu, wakachukua majina ya Kiislamu na kuvaa leso na baibui. Mpita njia aliona mwanamke aliyefunikwa. Majirani walimwona mwenye nyumba, anayedai kodi mwisho wa mwezi, anayecheza ngoma ya lelemama na wenzake, asiyeomba ruhusa kwa baba wala mume. Mwanahistoria Luise White aliwahoji baadhi yao uzeeni, na kitabu chake cha 1990 kingali bora kuhusu Nairobi ile.

Mambo ya nguo hayakuishia kwenye mavazi ya kila siku. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini kudai Harry Thuku, kiongozi wa siasa aliyekamatwa na wakoloni, aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha gauni lake mbele yao, akawaambia walichukue, yeye wampe suruali zao. Polisi walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa.

Baada ya uhuru ilikuja zamu ya mini. Tanzania iliipiga marufuku kuanzia Januari 1969 katika Operesheni Vijana, na Idi Amin wa Uganda akafuata mwaka 1972. Kenya haikutunga sheria, ilihubiri tu, na mahubiri hayakuwazuia makarani na wapiga taipu wa mitaa ya Jericho na Maringo kupanda basi asubuhi magoti yakiwa nje. Baadaye mitumba ya soko la Gikomba ikamaliza ubishi wa bei: sketi inachaguliwa kwenye rundo, inapelekwa kwa fundi mwenye cherehani kando ya njia, naye anauliza jambo moja tu, apunguze hadi wapi.

Wapo waliotaka kumjibia swali hilo mwenye sketi. Mwaka 2000 wafuasi wa kundi la Mungiki waliwavua nguo wanawake waliovaa suruali huko Kayole, eti wanalinda mila za Wakikuyu. Sijui Nyanjiru waliwahi kumsikia.

Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye steji ya magari yaendayo Embakasi, katikati ya jiji, video ikasambaa. Tarehe 17 wanawake waliandamana wakisema nguo yangu, uamuzi wangu, huku wengine wakiwazomea kandokando ya barabara. Desemba, sheria ya usalama iliyopitishwa kwa vurugu bungeni ilibeba pia kifungu kipya: anayemvua mtu nguo kwa nguvu atafungwa miaka isiyopungua 10.

Si kila vazi huzua ugomvi: siku hizi dera, vazi la Kisomali lililoenea kutoka maduka ya Eastleigh, linavaliwa na wanawake wa kila dini, kanisani, sokoni na jikoni, na hakuna anayeligombania.

Lakini kesi ya kuvuliwa nguo iliyotikisa zaidi ilihusu mwanamke mwingine, si yule wa steji ya Embakasi, aliyevuliwa na kuibiwa ndani ya basi huko Githurai, Septemba 2014. Julai 2017 wanaume watatu walitiwa hatiani. Kwa kumvua nguo walipewa kifungo. Hukumu ya kifo waliipata kwa wizi wa mabavu, kwa mali waliyomnyang'anya.