Ukoka: Nyasi ya asili inayovumilia ukame

UKOKA, nyasi inayotambaa na kujiotea yenyewe kando ya njia na viwanjani, ni miongoni mwa mimea ya asili inayofaa kupamba bustani za mijini katika pwani ya Kaskazini mwa Tanzania. Jina lake la kitaalamu ni Cynodon dactylon. Wamarekani huuita nyasi ya Bermuda, ingawa haukuanzia katika visiwa hivyo. Asili yake ni Afrika na nchi nyingine za joto za Dunia ya Kale.

Kwa mkazi wa jiji la Tanga, uchaguzi wa nyasi ya bustani unahusiana na misitu ya Amani, wilayani Muheza. Jiji hilo hutegemea maji ya bwawa la Mabayani, lililojengwa kwenye Mto Zigi. Chimbuko la mto huo ni milima ya Usambara Mashariki, ilipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Hivyo, bustani inayodai maji kila siku wakati wa kiangazi huongeza mzigo kwa mto huo.

Amani inatoa fundisho jingine pia. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko kituo cha utafiti wa kilimo na biolojia, wakapanda kwa majaribio mimea kutoka pande mbalimbali za dunia. Mingine haikubaki bustanini. Leo mti uitwao Maesopsis eminii, ambao si wa asili ya Usambara, na kichaka cha Clidemia hirta, chenye asili ya Amerika, vimeenea msituni na kushindana na mimea ya asili. Mapambo ya asili ya pwani kwa kawaida hayana hatari ya namna hiyo.

Siri ya ukoka imo katika mashina yake, ambayo mengine hutambaa juu ya ardhi na mengine chini yake. Mvua ikikatika, majani hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, lakini mashina ya chini hubaki hai. Mvua ikirudi, huchipua tena. Aidha, ukoka huvumilia jua kali, kukanyagwa na kiasi fulani cha chumvi katika udongo, sifa inayofaa nyumba zilizo karibu na bahari.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa masika, mwezi Machi, au mwanzo wa vuli, mwezi Oktoba. Ardhi hulimwa, magugu yakaondolewa, kisha samadi iliyooza ikachanganywa na udongo. Vipande vya mashina, kila kimoja kikiwa na pingili mbili au tatu, hupandwa kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, pingili moja ikifukiwa.

Katika wiki mbili au tatu za kwanza udongo usiachwe ukauke. Baada ya hapo, ni bora kumwagilia mara chache lakini kwa wingi, ili mizizi ifuate maji chini, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Majani hukatwa yakabaki na urefu wa sentimita tatu hadi tano.

Hata hivyo, ukoka una kasoro mbili. Kwanza, haupendi kivuli. Chini ya miembe na minazi iliyosongamana inafaa nyasi ya Pemba, Stenotaphrum dimidiatum, ambayo nayo ni ya asili ya pwani za Bahari ya Hindi.

Pili, ukoka ukiingia shambani ni gugu sugu, kwani kipande kidogo cha shina kilichosalia udongoni huchipua upya. Kwa sababu hiyo, usipandwe bila mpaka kando ya matuta ya mboga. Ukuta mfupi uliozama ardhini, pamoja na kukata mashina yanayovuka, huuzuia kusambaa. Mabaki yanayong'olewa yakaushwe juani kabisa kabla ya kutupwa, wala yasimwagwe kandokando ya mashamba au misitu.